Jon Postel, mtu aliyetunza majina ya intaneti mpaka siku ya kufa kwake

Msomaji wa Goma, Bukavu ao Lubumbashi akiandika anwani inayoishia na .cd, kuna mashini mahali fulani inayojibu swali moja: jina hili ni la namba gani? Kompyuta hutafutana kwa namba. Majina ni kwa ajili yetu watu. Kwa miaka mingi, kazi ya kuamua nani anapewa mwisho gani wa jina, .cd yetu ikiwa ndani, ilisimamiwa na Mmarekani mmoja mwenye ndevu ndefu, mpenda sandali, Jon Postel.

Postel alizaliwa tarehe 6 mwezi wa nane 1943 huko Altadena, katika jimbo la California. Alisoma kwenye chuo kikuu cha UCLA, muji wa Los Angeles, na kupata udaktari wa sayansi ya kompyuta mwaka wa 1974. Alikuwa angali mwanafunzi wakati chuo hicho kilipounganisha kompyuta ya kwanza kwenye ARPANET, mama wa intaneti, mwaka wa 1969. Mtandao ulikuwa mdogo sana, lakini namba zilihitaji mtu wa kuziandika ili watu wawili wasitumie moja. Postel akajitolea. Tangu 1969 alikuwa pia muhariri wa RFC, yale maandishi yenye kanuni za mtandao mzima, na hakuiacha kazi hiyo mpaka kufa.

Majina yenyewe yalikuwa kwenye faili moja, iliyotunzwa Menlo Park. Kila chuo na kila maabara walilazimika kuchukua nakala yake mara kwa mara. Kompyuta zilipoongezeka, faili ikawa mzigo. Postel, aliyekuwa amehamia taasisi ya ISI ya Chuo Kikuu cha Southern California mwaka wa 1977, akamkabidhi mwenzake Paul Mockapetris tatizo hilo. Mwaka wa 1983 likatoka jibu tunalotumia mpaka leo, yaani DNS. Orodha moja ikavunjwa vipande, na kila kipande kikapewa mwenye kukitunza kwenye seva zake.

Hapo ndipo swali la vyombo lilipoanza. Mtu anaweza kufikiri kwamba seva ya majina ya inchi nzima inahitaji mashini kubwa ya ajabu. Hapana, kwani majibu yake ni mafupi sana. Ugumu uko kwenye mpango. Kanuni ilidai kila eneo liwe na seva zisizopungua mbili: ya kwanza inashika orodha ya asili, ya pili inachukua nakala na kujibu ikiwa mwenzake amezimika. Na mwaka wa 1997, RFC moja iliyoandikwa na wataalamu wengine ilionya waziwazi kwamba kuweka seva zote mahali pamoja ni mpango mbaya. Seva mbili katika chumba kimoja, kwenye waya mmoja wa umeme na laini moja ya intaneti, zinakufa pamoja. Anayejua namna umeme unavyokatika kwetu haitaji maelezo zaidi. Tena hasara si ya tovuti peke yake: jina lisipojibiwa, hata barua pepe hazijui ziende wapi.

Mwezi wa tatu 1994 Postel aliandika RFC 1591, yenye masharti ya kukabidhi majina ya inchi. Msimamizi anahesabiwa kuwa mtunzaji kwa faida ya inchi yake na ya dunia, wala haambiwi kwamba amepata mali. Postel alikataa pia kuamua inchi ni ipi na ipi si inchi. Alifuata orodha ya kimataifa ya ISO 3166. Busara hiyo ilitugusa moja kwa moja. Zaïre ilikuwa na .zr, jina la inchi lilipobadilika mwezi wa tano 1997, orodha ikapata CD, na mwezi wa nane mwaka huohuo.cd ikaandikwa. Ile .zr ilifutwa kabisa mwaka wa 2001.

Lakini mtu huyo aliyetaka seva zitawanyike alikuwa yeye mwenyewe nguzo moja iliyobeba nyumba. Jambo hilo lilionekana tarehe 28 mwezi wa kwanza 1998. Wakati huo kulikuwa seva 13 za mzizi, zile zinazojua .com iko wapi na .cd iko wapi. Kumi na mbili zilichukua nakala kwa ile moja ya kampuni ya Network Solutions. Postel aliwaomba wasimamizi wa nane wachukue nakala kwenye mashini yake, na wakakubali, sababu walimwamini. Watumiaji hawakuona tofauti yoyote, maana orodha ilikuwa ileile. Serikali ya Marekani, iliyokuwa ikitayarisha mpango wake juu ya majina hayo, ilikasirika na kumtaka arudishe mambo yalivyokuwa. Postel alisema lilikuwa jaribio tu, akarudisha. Wengine wanaona alitaka kuonyesha kwamba serikali haina uwezo wa kunyang'anya mtandao kwa nguvu. Vyovyote vile, ilijulikana siku hiyo kwamba ombi la mtu mmoja lilitosha kugeuza njia ya dunia nzima.

Shirika la ICANN liliundwa mwezi wa tisa 1998 ili kupokea kazi hiyo. Wiki chache baadaye, tarehe 16 mwezi wa kumi, Postel alifariki huko Los Angeles kwa matatizo ya moyo, akiwa na miaka 55. Mwaka wa 2000 ikatoka kanuni mpya kwa seva za mzizi: umeme wa akiba wa saa 48, na uwezo wa kubeba mara tatu ya maswali ya saa yenye msongamano mkubwa. Leo herufi zake ni zilezile 13, kutoka A mpaka M, lakini nyuma yake kuna mashini zilizotawanywa katika sehemu zaidi ya 1000 za dunia.