Adrian Atiman: mtoto aliyeuzwa, akawa tabibu na katekista



Mpendwa msomaji, ukiondoka Tunduma ukashika barabara ya Sumbawanga, ukapita Laela na kuingia mjini, utakuta hospitali ya Kanisa inayoitwa Dk. Atiman. Huenda wewe mwenyewe au jirani yako mmewahi kutibiwa pale. Lakini ukiuliza huyo Atiman alikuwa nani, wengi watakujibu kuwa ni Mzungu fulani wa zamani. Sivyo. Alikuwa Mwafrika kama wewe. Aliuzwa utotoni kama mbuzi wa mnadani, akasomeshwa, akawa tabibu na katekista, na akatumikia kituo kimoja cha misioni kando ya Ziwa Tanganyika kwa miaka 67. Dominika hii tutazame maisha yake, maana yana neno kwetu tunaoishi mpakani.

Adrian Atiman alizaliwa mnamo mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya mto Niger, karibu na Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Sikiliza jina hilo: Tundurma. Limebaki herufi moja tu liwe la mji wetu. Akiwa bado mtoto mdogo alikamatwa na watekaji, akatengwa na wazazi wake, akauzwa. Alivushwa jangwa la Sahara hadi Algeria. Huko Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walilipa fedha wakamkomboa. Shirika hilo lilikuwa changa bado, limeanzishwa mwaka 1868 na Askofu Mkuu wa Algiers, Charles Lavigerie, aliyekuja kuwa Kardinali.

Fungua Kitabu cha Mwanzo, sura ya 37, usome habari za Yosefu mwana wa Yakobo. Naye aliuzwa akiwa kijana, akapelekwa nchi ya mbali na wafanyabiashara, na miaka ikapita akawa mkombozi wa watu walewale ambao si wa lugha yake. Yosefu alipata bahati ya kuwaona tena baba yake na ndugu zake. Atiman alizeeka na kufa maelfu ya kilomita kutoka kwa waliomzaa.

Mtoto huyo alifundishwa kusoma, akafundishwa imani, akabatizwa. Lavigerie alikuwa na wazo ambalo kwa wakati ule wengi waliliona geni: kwamba Afrika itaponywa na kuhubiriwa vizuri zaidi na Waafrika wenyewe. Kwa hiyo mwaka 1881 alifungua chuo katika kisiwa cha Malta, akapeleka huko vijana waliokombolewa utumwani wasomee utabibu. Alitaka wawe matabibu na pia makatekista. Atiman alikuwa mmoja wao. Alikaa Malta hadi mwaka 1888.

Mwaka huohuo Kardinali Lavigerie alikuwa akizunguka miji ya Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa. Kijana Atiman hakwenda kuhubiri Ulaya. Yeye aliungana na msafara wa wamisionari uliokuwa unakuja huku kwetu. Walitoka pwani wakatembea kwa miguu zaidi ya kilomita elfu moja hadi ziwani. Alifika Karema mwaka 1889, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu hivi.

Karema ya leo iko mkoani Katavi, ina bandari, na magari yanafika. Karema ya wakati ule ilikuwa ngome. Iliijengwa na Wabelgiji mwaka 1879, na mwaka 1885 wakawakabidhi wamisionari. Misafara ya watumwa ilikuwa bado inapita katika nchi za ziwa. Mpendwa msomaji, tulia hapo kidogo. Kijana aliyefungwa kamba utotoni, sasa ana elimu ya utabibu ambayo ni wachache sana waliokuwa nayo Afrika nzima. Angeweza kutafuta mahali penye usalama. Alikuja kukaa palepale ambapo watoto walikuwa bado wanafungwa kamba.

Na alikaa. Wajerumani walikuja wakatawala, wakaondoka. Waingereza walikuja wakatawala. Vita Kuu mbili zilipita. Mwambao wa ziwa ulipigwa na malale na ndui. Atiman alikuwa palepale, anatibu. Alimwoa Agnes, binti wa mtemi wa Wabende, na mtoto wao Yosefu alipata upadre miaka ya 1920. Heshima alizipata, za Kanisa na za serikali, lakini hazikumtoa kituoni. Alifariki mwaka 1956, mzee wa miaka tisini hivi, miaka mitano tu kabla ya Uhuru.

Sasa tuulize: mtu huyu aliishije imani yake siku kwa siku, miaka yote hiyo? Kwa sababu kuamini siku moja ni rahisi. Kwenye mkesha, kwenye semina, kwenye kongamano, wote tunawaka moto. Miaka 67 ni jambo lingine.

Jibu liko katika cheo chake chenyewe. Aliitwa tabibu-katekista. Mchana anaosha kidonda, na mtu yuleyule mwenye kidonda anamfundisha habari za Kristo. Wamisionari wa Afrika walikuwa na sheria kali katika hilo: aliyetaka ubatizo alifundishwa miaka minne, miwili ya mwanzo na miwili ya ukatekumeni, ndipo abatizwe. Hawakuwa na haraka ya kujaza madaftari. Walitaka mtu alijue Neno na maisha yake yaonyeshe kuwa amelijua. Kazi hiyo, kwa sehemu kubwa, iliwaangukia makatekista. Padre alipita, katekista alibaki. Ndivyo Kanisa lilivyojengwa Ufipa na Ukonongo, na ndivyo lilivyojengwa hapa Songwe, maana hata misioni kongwe ya Mkulwe kule Momba ilikuwa kazi ya Wamisionari haohao wa Afrika. Wewe unayesoma haya, ukifuatilia nani alimfundisha bibi yako Ishara ya Msalaba, mara nyingi utamkuta katekista mwenye baiskeli, au asiye na baiskeli.

Baba Mtakatifu Fransisko aliliona hilo. Tarehe 10 Mei 2021 aliiweka rasmi huduma ya katekista kuwa huduma ya kudumu ya walei katika Kanisa. Lakini je, katika kigango chako, katekista wako anaishije? Tunachangia gari la paroko kwa shangwe na vigelegele. Siku ya kuchangia posho ya katekista, tunatazama viatu vyetu.

Tuje sasa kwenye jumuiya. Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki na Kati, katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976, waliamua kwamba Jumuiya Ndogondogo za Kikristo ndizo ziwe msingi wa maisha ya Kanisa. Wazo ni jepesi: kaya chache zilizo jirani zikutane kila wiki, zisome Injili ya Dominika inayokuja, zitafakari, zisali, kisha zijiulize zitafanya nini. Wengi mnazijua zile hatua saba. Tunamkaribisha Bwana, tunasoma, tunarudia neno lililotugusa, tunakaa kimya, tunashirikishana, tunajadili tendo la kufanya, tunasali.

Ukweli wetu ni upi? Hatua ya sita, ile ya tendo, ndiyo tunayoiruka. Tunasoma haraka, tunashirikishana kidogo, kisha tunahamia kwenye michango. Akina baba wengi jumuiya wameiachia WAWATA na watoto. Wengine tunaonekana siku tunapohitaji sahihi ya mwenyekiti ili mtoto abatizwe au binti afunge ndoa. Na wapo wanaojitokeza msiba unapoingia nyumbani kwao tu, kwa kuogopa kuzika peke yao. Hapa Tunduma tunayo sababu tayari mdomoni: biashara. Mpaka haulali, wateja wa Nakonde hawasubiri, malori yako foleni. Ni kweli. Lakini na malale hayakusubiri Karema, na bado Atiman alipata muda wa kufundisha katekisimu.

Jambo la pili, tuseme wazi kuhusu ugonjwa. Wapo kati yetu wanaoacha dawa za shinikizo la damu, za kisukari au za kufubaza virusi, kwa sababu mtu fulani mwenye kipaza sauti amewauzia mafuta au maji na kuwaambia wamepona. Wengine wanatoka Misani asubuhi na jioni wanabisha kwa mganga. Na sisi wa mkoa huu hatujasahau miaka ile ya mauaji ya kuchuna ngozi, watu walipoaminishwa kuwa mwili wa binadamu unaleta utajiri. Hofu na tamaa vikikutana, damu humwagika. Atiman aliishi maisha yake yote kama jibu kwa jambo hilo. Alisali na alitibu. Hakuona ugomvi kati ya rozari na dawa, maana vyote viwili ni vya Mungu yuleyule. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu kwa sababu Bwana ndiye aliyemuumba, na dawa kuwa zatoka ardhini kwa mkono wake. Soma sura hiyo nyumbani leo, pamoja na familia.

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote. Biashara iliyomchukua Atiman haijafa. Imebadilisha gari tu. Tunajua sote kwamba katika barabara hii kuu hupita vijana kutoka Ethiopia, wanaotafuta njia ya kwenda Afrika Kusini, wamefichwa kwenye malori nyuma ya mizigo. Mwezi Juni mwaka 2012, mkoani Dodoma, zaidi ya arobaini kati yao walikutwa wamekufa, wamekosa hewa ndani ya lori. Wenzao walionusurika walitupwa porini pamoja na maiti. Watu wale hawakusafirishwa na mashetani. Walisafirishwa na watu wenye majina, wenye wake na watoto, wenye simu. Kuna anayewapokea, anayewaficha usiku, anayewapikia uji kwa bei ya pilau, anayefumba macho. Na baadhi yetu, mpendwa msomaji, fedha hiyo huingia mfukoni siku ya Alhamisi na kutoka kama sadaka siku ya Dominika.

Fungua Matendo ya Mitume, sura ya 8, kuanzia aya ya 26. Filipo anatumwa na malaika wa Bwana kwenye barabara ya jangwani. Anamkuta msafiri kutoka Ethiopia, amekaa garini mwake, anasoma kitabu cha nabii Isaya bila kukielewa. Filipo anapanda, anaketi naye, anamfafanulia Maandiko, na safari inaishia kwa ubatizo. Tumeisoma habari hiyo mara ngapi jumuiyani? Mwethiopia yule alikuwa na gari la heshima. Mwethiopia wa leo yuko chini ya turubai. Lakini barabara ni ileile, na Roho ni yuleyule anayetuambia tulisogelee gari.

Kulisogelea maana yake nini? Maana yake kwanza ni kutokushiriki. Nchi yetu ina sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu, lakini kabla ya sheria hiyo kuna amri ya Mungu. Pili, dereva, utingo, mwenye nyumba ya wageni, mama lishe: ukiona watu wamefungiwa, toa taarifa mapema, kabla hewa haijaisha. Tatu, wakikamatwa, wasifanyiwe kama wanyama. Ni watu wenye kiu. Jumuiya yenye uwezo wa kupeleka soda harusini inaweza kupeleka maji na mikate kituoni, kwa ruhusa ya wahusika.

Hapo ndipo usomaji wa Biblia unapokuwa imani. Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, anatuonya kwamba imani isiyo na matendo imekufa. Wale mapadre kule Algeria wangeweza kumwombea yule mtoto mtumwa na kupita zao. Walitoa fedha wakamkomboa. Kutoka katika tendo hilo moja, ziwa zima lilipata tabibu, na Kanisa la Karema likapata katekista kwa miaka 67. Hujui mtoto unayempa maji leo atakuwa nani kesho, na atakuwa nani kwa nani.

Basi wiki hii nakupa kazi tatu. Nenda jumuiyani, na ukiwa baba, nenda na mwanao. Mfikie katekista wa kigango chako, umuulize anahitaji nini, usiende mikono mitupu. Na mkisoma Injili, mkifika hatua ya sita, msikubali kufunga kwa sala kabla hamjataja tendo moja, la mtu mmoja, kwa siku moja inayojulikana. Katibu aliandike. Wiki ijayo lisomwe, muulizane kama limefanyika.

Tumwombe Mungu aliyemtoa Adrian Atiman katika mikono ya wauzaji, atutoe na sisi katika woga na tamaa, atufanye watu wa Neno na wa tendo. Nawatakia Dominika njema, ninyi na familia zenu. Mungu awabariki.