Siti binti Saad: Kutoka Vyungu hadi Santuri

Mwezi wa Agosti ulipokuwa ukielekea ukingoni tulijikuta Same kwa safari ya kikazi. Kwetu visiwani huo ni wakati ambapo kipupwe huaga na demani hubisha hodi. Same ni mji mkavu ulio chini ya milima, lakini asubuhi ile wingu la baridi lilikuwa bado limekikalia kilele cha Shengena, kirefu kupita vyote vya Upare, na watu walioteremka kutoka juu walikuwa wamejitanda mashuka mazito. Kando ya barabara kuu tuliwakuta akina mama wawili wameketi na vyungu vyao, vichache, vimepangwa juu ya majani makavu ya migomba. Tulipowauliza kwa nini bidhaa ni haba, walitueleza kwa upole kwamba miezi ya baridi si miezi ya mfinyanzi. Udongo huchelewa kukauka, na chungu kikitiwa motoni hali kina maji ndani yake hupasuka kwa kishindo na kuwavunja wenzake. Sasa jua lilikuwa likirudi, na kazi ilikuwa ikianza upya kabla mvua za vuli hazijalowesha kuni.

Tukamkumbuka Siti binti Saad.

Hakuna mtu wa Unguja au Pemba asiyelijua jina hilo. Lakini wengi wetu tunaijua sauti na sifa, hatuijui kazi. Tunasema alikuwa na kipaji, tukisema hivyo tunadhani tumemaliza, kana kwamba kipaji ni embe lililomwangukia mapajani akiwa amelala. Basi leo tumeona vema tumweleze Siti mfanyakazi.

Alizaliwa kijijini Fumba, kusini mwa mji wa Unguja, kiasi cha mwaka 1880. Baba yake, Saad, asili yake ni Unyamwezini; mama yake asili yake ni Uzigua, nchi ambayo mto Pangani huiendea baada ya kuipita milima hii ya Upare. Lakini wazazi wote wawili walikuwa wazaliwa wa Unguja, watu wa hali ya utumwa. Mtoto mwenyewe aliitwa Mtumwa, jina lisilohitaji tafsiri. Hilo la Siti, lenye maana ya bibi wa heshima, alikuja kupewa baadaye mjini, sauti yake ilipokwisha kuwashinda watu. Utumwa ulipofutwa kwa sheria Unguja mwaka 1897 alikuwa msichana mkubwa. Sheria ilifuta hali ile. Dharau haikufutika kwa tangazo.

Mama yake alikuwa mfinyanzi, na binti akawa mchuuzi wa vyungu. Hapo ndipo tunapoomba msomaji asipite haraka. Kazi ya udongo haina siku ya mapumziko. Huchimbwa, husafishwa mawe na mizizi, hupondwa, huachwa ulale, kisha hukandwa tena. Chungu hujengwa kwa mkono, hulainishwa kwa kigae au kifuu, huanikwa kivulini kwa siku kadhaa, ndipo kichomwe. Masika huizuia kazi hiyo. Kipupwe chenye upepo huikausha nje upesi kuliko ndani, nyufa zikaingia. Demani, hewa ikitulia na jua likipata nguvu, ndio wakati wa kuchoma vingi. Baada ya yote hayo vyungu lazima vifike sokoni vikiwa vizima, navyo kutoka Fumba vilisafiri zaidi ya maili kumi kwa miguu, kichwani mwa mwanamke.

Mchuuzi wa aina hiyo hutangaza kwa mdomo. Inasimuliwa kwamba Siti alipokuwa akinadi vyungu vyake, sauti ilimtangulia mbali, na watu wakatambua kwamba mwenye vyungu wa Fumba anakuja kabla hawajamwona. Aliyewahi kutembea na mzigo kichwani anajua kwamba huwezi kupiga ukelele ovyo: shingo imekaza, pumzi ni ya kuhesabu, na neno lazima litoke tumboni. Sisi si wataalamu wa muziki. Hata hivyo hatuoni vigumu kuamini kwamba njia ile ya Fumba ilikuwa skuli yake ya kwanza ya kuimba, kwa vile nyingine hakuwa nayo. Hakujua kusoma wala kuandika.

Aliolewa, akapata mtoto wa kike, ndoa ikavunjika. Mwaka 1911 akahamia mjini. Taarabu ya wakati ule ilikuwa mali ya wakubwa. Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alikuwa amemtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza muziki, na kundi la Ikhwani Safaa, lililoundwa mwaka 1905, liliendeleza uimbaji huo kwa Kiarabu. Mwanamke mwenye kaniki kutoka shamba hakuwa na kiti katika baraza hiyo. Ali Muhsin, mpigaji wa udi, ndiye aliyekubali kumfundisha, na baadaye akajiunga na wenzake: Subeit bin Ambari, Buda bin Swedi, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban.

Kundi hili lilikuwa na desturi ya kukutana nyumbani kwa Siti, mtaani Ng'ambo, karibu kila jioni. Hatuzungumzii tamasha. Tunazungumzia watu walioketi chini, udi ukitengenezwa nyuzi, mmoja akileta habari ya mtaani, mwingine akiitilia vina, Siti akiushika ubeti kwa masikio tu, akiurudia mpaka ukae. Kwa kuwa hakusoma, kila alichoimba, cha Kiswahili na cha Kiarabu, kilibidi kihifadhiwe moyoni. Sisi tuliopitia chuoni kabla ya kuingia skuli ya serikali tunaijua kazi hiyo: jana unarudia ulilolipata juzi, leo unalipoteza nusu, kesho unaanza upya. Majirani walikaa nje wakisikiliza. Fatuma binti Baraka, huyo Bi Kidude wetu aliyefariki mwaka 2013, alikuwa miongoni mwa waliojifunza kwa kutega sikio namna hiyo.

Na habari zilizoletwa kwenye kikao kile hazikuwa za mapenzi pekee. Wimbo wake wa Kijiti unahusu mwanamke aliyekuja kutoka Dar es Salaam akauawa Unguja. Mwuaji akavuka maji akatoroka, na sheria ya wakoloni ikawageukia wanawake waliotoa ushahidi. Wimbo ule uliwapa wasio na gazeti taarifa ya kesi pamoja na maoni ya mtaa juu ya hukumu. Mtumishi wa serikali aliyetaka kujua Ng'ambo inasema nini angefanya vizuri kutembea jioni karibu na mlango wa Siti.

Mwaka 1928 kundi likapanda meli kwenda Bombay, kurekodi santuri za Kampuni ya Gramophone. Siti akawa miongoni mwa sauti za kwanza za Afrika Mashariki kuingia katika santuri kwa Kiswahili. Hapo nako kulikuwa na ufinyanzi wake. Upande mmoja wa santuri za siku zile ulichukua dakika tatu hivi, ilhali wimbo wa taarabu barazani huweza kupita nusu saa, ukisubiri watu watunze na waombe kurudiwa. Ilibidi wimbo upunguzwe bila kupasuka. Santuri hizo ziliuzwa kwa makumi ya maelfu, zikasikika pwani yote na kuingia bara. Mwaka 1930 kampuni ya Columbia haikungoja waimbaji waifuate. Ilileta mitambo yake Unguja.

Umaarufu ulileta maadui. Wapinzani wake waliutunga wimbo wa kejeli wakimkumbusha kaniki aliyokuja nayo mjini, wakisema kwamba pasipo sauti asingekuwa na cha kula. Siti naye akawajibu kwa wimbo: akawaelekeza watazame akili na hoja kabla ya sura na nasaba. Sisi tunaona kwamba wale wapinzani, kwa kutaka kumtukana, walisema kweli moja. Kweli, sauti ilimlisha, kama vyungu vilivyomlisha mama yake. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba kula kwa kazi yako ni aibu.

Hapa hatuna budi kujisema wenyewe. Tulipokuwa vijana katika utumishi tulipewa jukumu la kuandaa sherehe moja ya hadhara. Makadirio yalikuwa na fungu la mahema, la viti, la soda na la mafuta ya magari. Waimbaji, akina mama watu wazima waliokuwa wamefanya mazoezi kwa majuma mengi, waliwekewa nauli tu, nayo ya kwenda bila ya kurudi. Mmoja wao alituuliza kama mwenye viti naye amelipwa nauli. Tulicheka, tukampa mkono wa shukrani. Sahihi iliyo chini ya karatasi ile ni yetu.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950, kipupwe kikiwa katikati. Kwa bahati njema, Shaaban Robert, ambaye siku hizo alikuwa karani wa serikali mjini Tanga, alipata kuzungumza naye kabla hajafa, na kwa saa alizoziiba baada ya kazi ya ofisi akaandika wasifu wake, uliotolewa mwaka 1958. Laiti si karani yule, tusingekuwa na habari hata ya vyungu. Waandishi wanawake wa habari nao walipoanzisha gazeti lao mwaka 1988 waliliita Sauti ya Siti.

Tukirudi Same: tulichagua chungu kimoja cha mchuzi, tumbo pana, mdomo umekunjwa vizuri kwa kidole. Tulitajiwa bei, na kwa mazoea ya mjini tukafungua mdomo kutaka kupunguziwa. Mama yule alikuwa amekwisha kukigonga kwa ukucha ili tusikie mlio wake, akasubiri. Tukalipa alichosema. Akakifunga kwa majani ya migomba na kamba, akatuonya tusikitie maji siku ya kwanza kabla ya kukipaka mafuta na kukipasha moto polepole, kisha akamgeukia mwenzake wakaendelea na mazungumzo yao kwa Kipare. Chungu kilifika Unguja kizima, na kimeshapika changu mara tatu.