Robert Koch: munganga aliyegundua mikrobe ya kifua kikuu, na somo alilolisahau kwenye visiwa vya Sese

Kwenye vituo vya afya vya Baraka, Nundu ao Lulimba, mutu mwenye kukohoa kwa muda murefu anatumwa labo na kikopo cha makohozi. Mara nyingi kwenye karatasi yake kunaandikwa herufi mbili tu: BK. Watu wanazitamka kila siku bila kuuliza zinatoka wapi. B ni basili, ni kusema mikrobe yenye umbo la kijiti. K ni Koch, jina la munganga Mujerumani aliyekufa zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Koch alionyesha dunia namna ya kuhakikisha kwamba mikrobe fulani ndiyo inaleta ugonjwa fulani. Lakini mara mbili, kwanza Berlin na kisha kwenye visiwa vya ziwa Victoria, aliruka kanuni yake mwenyewe. Wagonjwa ndio walilipa.

Munganga wa mashambani na panya wake

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 kule Clausthal, muji wa machimbo kwenye milima ya Harz, Ujerumani. Baba yake alifanya kazi ya machimbo, na jamaa yao ilikuwa na watoto 13. Akasoma uganga Göttingen, akamaliza mwaka wa 1866. Mwaka wa 1872 akapelekwa Wollstein, muji mudogo ambao leo uko ndani ya Poland, kuwa munganga wa wilaya.

Kwenye ile wilaya mifugo ilikuwa inakufa na kimeta, ule ugonjwa ambao kwa Kifaransa unaitwa charbon. Koch hakuwa na labo ya serkali. Alikuwa na mikroskopi aliyopewa na bibi yake Emmy, na fasi ya kufanyia kazi ndani ya nyumba yao. Akachukua damu ya wanyama waliokufa na kimeta, akaiingiza ndani ya mwili wa panya kwa kijiti chembamba cha mbao. Panya wakafa.

Mutu mwenye haraka angeishia pale. Lakini huenda panya walikufa juu ya kile kidonda, ao juu ya damu ya mnyama mwingine iliyoingia mwilini. Basi, kwa wakati ule ule, Koch alichukua panya wengine akawatia damu ya wanyama wazima. Hawa hawakupata ugonjwa hata kidogo. Makundi mawili, tofauti moja tu kati yao. Mwaka wa 1876 alionyesha kazi yake mbele ya wasomi wa Breslau, na jina lake likaanza kujulikana.

Kifua kikuu na kolera

Tarehe 24 Machi 1882, akiwa sasa anafanya kazi Berlin, Koch alitangaza kwamba amepata mikrobe ya kifua kikuu. Kwa hesabu za wakati ule, huu ugonjwa uliua mutu 1 kati ya 7. Wengi waliamini ni ugonjwa wa kurithi ndani ya jamaa. Koch alionyesha ile mikrobe, akaiotesha nje ya mwili, akaiingiza ndani ya kobayi, nao wakapata kifua kikuu. Ndiyo sababu leo tarehe 24 Machi ni siku ya dunia ya kupambana na huu ugonjwa.

Mwaka uliofuata alitumwa Misri, kisha Calcutta, Uhindi, kutafuta kinacholeta kolera. Pale alikutana na shida mupya. Alijaribu kuwapa wanyama kolera, ikashindikana. Na mutu hawezi kuwapa watu kolera kwa kusudi ili ahakikishe. Kama jaribio haliwezekani, kunabaki kuangalia kwa makini yale yanayotokea yenyewe, na kulinganisha. Koch alitafuta ile mikrobe ndani ya matumbo ya watu waliokufa na kolera, akaikuta. Akaitafuta kwa wale waliokufa na magonjwa mengine, hata ya kuhara, asiikute. Tena akaikuta ndani ya maji ya bwawa moja, fasi watu wa jirani walikuwa wanafua, wanaoga, na kuchota maji ya kunywa. Mwaka wa 1884 akarudi Berlin kama shujaa.

Dawa ya siri

Mwezi wa Agosti 1890, mbele ya mukutano mukubwa wa wanganga wa dunia Berlin, Koch alisema amepata kitu kinachozuia kifua kikuu ndani ya kobayi. Miezi michache kisha, dawa ikaanza kupewa watu. Ikaitwa tuberkulini. Ilitengenezwa kutoka kwa mikrobe zenyewe, lakini wakati ule Koch hakusema ndani yake kuna nini.

Wagonjwa wakamiminika Berlin kutoka inchi nyingi. Wanganga waliona mugonjwa anachomwa sindano, anapata homa kali, kisha siku zingine anaamka na nguvu. Wakasema dawa inafanya kazi. Lakini kifua kikuu kina siku za nafuu na siku za kuzidi hata bila dawa yoyote. Bila kundi la wagonjwa wa hali ile ile ambao hawakuchomwa, hakuna aliyeweza kusema ile nafuu ilitoka kwa sindano ao ilikuwa inakuja yenyewe.

Mwaka wa 1891 hesabu zikakusanywa. Kati ya wagonjwa zaidi ya 1,700 waliopewa tuberkulini, waliopona kweli walikuwa wachache sana. Wengine walikufa, na munganga Rudolf Virchow, aliyepasua maiti, akaonyesha kwamba ndani ya wamoja ugonjwa ulikuwa umesambaa zaidi. Walipomuuliza Koch awaonyeshe wale kobayi waliopona, hakuwaonyesha.

Lakini tuberkulini haikutupwa. Baadaye wengine waligundua kwamba ni chombo kizuri cha kupima: kitone kidogo chini ya ngozi ya mukono kinavimba kwa mutu ambaye mikrobe ilishaingia ndani yake. Mupaka leo inatumika vile.

Barabara moja, maji mawili

Mwezi wa Agosti 1892 kolera iliingia Hamburg, muji wa bandari. Ndani ya majuma machache ikaua watu zaidi ya 8,000. Kando kabisa ya Hamburg kulikuwa na muji mwingine, Altona. Kwenye fasi zingine mupaka wao ulikuwa barabara tu. Hewa ilikuwa moja, udongo mumoja, watu walikuwa wanatembeleana. Hamburg ilivuta maji ya muto Elbe bila kuyachuja. Altona ilichota muto ule ule, tena chini zaidi, kisha uchafu wa Hamburg kuingia ndani, lakini iliyapitisha kwenye muchanga mbele ya kuyagawa.

Koch alifuata mupaka nyumba kwa nyumba. Upande wa Hamburg kolera ilipita. Upande wa Altona ilisimama. Tena kulikuwa na nyumba zilizokuwa ndani ya Hamburg lakini zinapata maji ya Altona, nazo zikapona. Hakuna mutu aliyepanga lile jaribio. Miji miwili ililifanya bila kujua, na kazi ya Koch ilikuwa kulisoma vizuri. Kwa wakaaji wa pwani ya Tanganyika, ambao wanajua kolera na wanajua ndoo ya maji ya ziwa, hakuna haja ya maelezo mengi.

Mwaka ule ule munganga muzee Max von Pettenkofer, aliyekataa kwamba mikrobe peke yake inaleta kolera, alikunywa kikombe chenye mikrobe hai mbele ya watu. Akahara kidogo, akapona. Alidhani ameshinda. Lakini mutu mumoja kupona haionyeshi kitu, kwa kuwa hata ndani ya kolera kali wako wanaopona. Maelfu ya Hamburg na Altona walikuwa ushahidi wenye uzito zaidi.

Visiwa vya Sese

Mwaka wa 1905 Koch alipata tuzo la Nobel juu ya kazi yake ya kifua kikuu. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka zaidi ya 60, alisafiri mupaka ziwa Victoria. Malale, ugonjwa wa usingizi, ulikuwa umeua watu zaidi ya 200,000 ndani ya Uganda kwa miaka michache. Koch akaweka kambi kwenye kisiwa cha Bugala, mukubwa wa visiwa vya Sese, kwa ruhusa ya Waingereza.

Alileta atoksili, dawa yenye arseniki ndani yake, na arseniki ni sumu. Wagonjwa walikuja kwa mamia, wengine wamebebwa na ndugu zao. Kisha sindano, vidudu vya malale vilipotea ndani ya damu na ndani ya tezi za shingo. Watu waliokuwa wamelala wakaamka, wakatembea. Koch akaandikia Berlin kwamba dawa imepatikana.

Lakini malale ya ile fasi inatembea polepole. Vidudu vinaweza kupotea ndani ya damu huku vimejificha ndani ya ubongo, na vinarudi kisha miezi. Koch alikaa Sese zaidi kidogo ya mwaka mumoja. Wagonjwa wengi walitoka kambi na hawakuonekana tena. Hakuna aliyejua kama walipona ao walikufa kwao. Na hakukuwa na kundi la kulinganisha nalo. Vidudu viliporudi kwa wagonjwa wamoja, aliongeza kipimo cha dawa. Wagonjwa 22 wakapofuka kabisa. Hapo ndipo akaacha vile vipimo vikubwa.

Wale 22 majina yao hayajulikani sawa vile jina la Koch. Wakati ule hakukuwa na kamati ya kuuliza kama watu wa Sese wanakubali, wala karatasi ya kutia sahihi. Panya wa Wollstein walikuwa na wenzao wa kulinganisha nao. Watu wa Sese hawakuwa nao. Kisha Koch kurudi Ulaya, Wajerumani walifungua kambi za wagonjwa wa malale hata kwenye pwani ya mashariki ya Tanganyika, ng'ambo ya Fizi, wakitumia atoksili ile ile, na watu wengi walizikimbia.

Robert Koch alikufa tarehe 27 Mei 1910 Baden-Baden, na ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 66.

Waliofuata kanuni

Mwaka wa 1947, Uingereza, dawa ya ugonjwa ambao Koch aligundua mikrobe yake ilipimwa sawasawa. Dawa ya streptomisini ilikuwa chache, haiwezi kutosha wote. Austin Bradford Hill, mutu wa hesabu ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuugua kifua kikuu, alishauri kura iamue nani apewe, si munganga. Kura inazuia munganga kumupa dawa mutu anayemupenda ao mwenye nguvu zaidi. Kisha miezi 6, kati ya 55 waliopewa walikufa 4. Kati ya 52 waliolazwa bila ile dawa walikufa 14. Kwa njia hiyo ilionekana pia kwamba wagonjwa wengi wanarudia kuugua, kwa kuwa mikrobe inazoea dawa moja.

Majaribio ya kura yakaendelea ndani ya hopitali za Afrika ya Mashariki. Matokeo yaliyotoka tangu 1972 yalionyesha kwamba dawa kadhaa pamoja, kwa miezi 6, zinaweza kufanya kazi iliyokuwa inachukua miezi 18. Na wakati wa Ebola ya 2018 na 2019, kule Beni, Butembo, Katwa na Mangina, wagonjwa 681 waligawanywa kwa kura kati ya dawa nne. Wengine waliogopa kufanywa kobayi. Lakini kila mugonjwa ao jamaa yake aliulizwa kwanza, na kila mumoja alipewa dawa. Kwa dawa mbili, mutu kama 1 kati ya 3 alikufa. Kwa zingine mbili, karibu nusu. Bila kulinganisha, zote nne zingeonekana sawa, kwa kuwa kila moja ilikuwa na watu waliopona.

Kosa la Sese bado linawezekana leo, hata ndani ya nyumba ya mutu. Mugonjwa wa kifua kikuu anameza dawa miezi miwili, kikohozi kinaisha, mwili unarudi, anasema amepona, anaacha. Mikrobe hazionekani tena ndani ya makohozi, lakini zingine bado zimejificha ndani ya mapafu. Ile miezi 6 inayoandikwa kwenye kalata yake haikutoka kwa mapenzi ya munganga. Ilitoka kwa wagonjwa wa Afrika ya Mashariki waliokubali kufuatwa mupaka mwisho, na kwa kuhesabu, kundi kwa kundi, ni nani waliorudia kuugua na ni nani waliobaki wazima.