Jean Guiton, Meya wa La Rochelle

Leo tunawaletea maisha ya mtu ambaye, katika saa ya kujifunza magharibi, alituletea ubishi mpaka kengele ikalia.

Jean Guiton alizaliwa mwaka 1585 huko La Rochelle, mji wa bandari upande wa magharibi wa Ufaransa. Jamaa yake walikuwa wafanya biashara wenye mashua, tena Waprotestanti. Mfalme Henri IV alikuwa amewapa Waprotestanti ruhusa ya kuabudu, pamoja na miji ya kujilinda, kwa Amri ya Nantes ya 1598. Lakini mwana wake, Louis XIII, hakupenda kuona mji wenye kuta na askari wake wenyewe ndani ya ufalme. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ikarudi. Mwaka 1622 Guiton ndiye aliyeongoza mashua za La Rochelle kupigana na zile za mfalme karibu na kisiwa cha Ré.

Mwezi wa 9 mwaka 1627 vita ikafika kwenye kuta. Mwenye kuiongoza alikuwa Kardinali Richelieu, waziri wa mfalme, na huyu hakuwa mtu wa haraka. Upande wa inchi kavu alizungusha mahandaki na ngome, kilometa 12 hivi. Kisha akafunga bahari yenyewe! Alijenga ukuta wa mawe na mashua zilizozamishwa, urefu wake meta 1.500 hivi. Katikati aliacha fasi ndogo maji yapite, juu nguvu ya bahari ingeuvunja. Mara mbili katika 1628 mashua za Waingereza zilikuja kuokoa mji, zikashindwa na ule ukuta na mizinga, zikarudi.

Guiton alichaguliwa kuwa meya mwaka ule wa 1628, mji ukiwa umezungukwa zaidi ya nusu mwaka. Inasimuliwa kwamba aliweka kisu juu ya meza ya baraza, kiwe cha kuchoma moyo wa yeyote atakayetaja kujitoa kwa adui. Watu wakala farasi, wakala mbwa, paka na panya, wakachemsha hata ngozi ya viatu. Na sisi wa interna tunanung'unika maharagi yakichelewa!

Hapa ndipo ubishi ulipoanza. Ili chakula kidumu, wazee, wanawake na watoto wengi walitolewa inje ya mji. Askari wa mfalme wakawakataza kupita, na milango nyuma yao imekwisha kufungwa. Wengi walikufa pale katikati. Wenzetu wengine walisema meya alifanya vema, vita ni vita. Sisi tunasifu uhodari wake, lakini kwa jambo hili hatuwezi kumsifu. Wale walikuwa mama za askari wake mwenyewe.

Mji ulijitoa tarehe 28 mwezi wa 10, 1628. Kati ya watu 27.000 hivi walibaki 5.000 hivi. Kuta zikabomolewa, kazi ya meya ikafutwa, lakini ruhusa ya kuabudu haikuondolewa. Guiton akafukuzwa mjini. Baadaye, asiyeamini aulize mwalimu wa historia, akatumika kama kapiteni katika mashua za vita za mfalme, chini ya Richelieu yule yule. Alikufa mwaka 1654. Sanamu yake ya 1911 inasimama mbele ya nyumba ya meya huko La Rochelle, na ndani wanaonyesha meza ya marimari yenye kovu, wakisema ni la kile kisu.