Kapteni Shaw: Askari Aliyekagua Majumba Kabla Hayajaungua

Askari anapopangiwa zamu ya kulinda jumba la umma, iwe hospitali, ofisi ya wilaya au ukumbi wa mikutano, kwanza hutazama lango, ua na njia anazoweza kupitia mhalifu. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa tulipokuwa makadeti, nasi hatuna neno la kuyapinga mafundisho hayo. Lakini yupo adui mwingine ambaye hapiti langoni, na kinga dhidi yake zimo ndani ya jumba lenyewe: kisanduku chekundu chenye kioo ukutani, kengele juu ya ngazi, mlango wa dharura mwishoni mwa ukumbi. Ni askari wangapi wanaoweza kujibu, wakiulizwa na mkubwa wao, kama kengele hiyo inalia na kama mlango huo unafunguka? Kwa ajili hiyo leo tumeona vema kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu aliyekuwa askari wa jeshi, kisha mkuu wa polisi, kisha mkuu wa zimamoto, ambaye aliamini kwamba moto hupigwa vita kabla haujawaka. Mtu huyo ni Kapteni Eyre Massey Shaw.

Shaw alizaliwa mwaka 1830 katika jimbo la Cork, kusini mwa Ireland, wakati nchi hiyo yote ilipokuwa chini ya utawala wa Uingereza. Alikusudiwa kuwa kasisi, akasomeshwa katika Chuo cha Trinity mjini Dublin. Masomo aliyamaliza, lakini ukasisi haukumvutia. Alivuka bahari hadi Marekani, kisha akarejea kwao na kujiunga na jeshi la mgambo lililoitwa North Cork Rifles, akapanda hadi cheo cha kapteni. Cheo hicho kilishikamana na jina lake maisha yake yote, hata mjini London watu walimwita Kapteni Shaw tu, wala hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 1860 aliteuliwa kuwa mkuu wa polisi ya mji wa Belfast, na kikosi cha zimamoto cha mji kilikuwa chini ya ofisi hiyo hiyo. Wasomaji wetu hawataona ajabu katika jambo hilo, kwa kuwa hapa Uganda nako kazi ya zimamoto imo mikononi mwa polisi. Huko Belfast Shaw alijifunza kwamba polisi wa doria ndiye mtu wa kwanza kuona moshi usiku, na kwamba dakika anazozitumia kutafuta msaada ndizo zinazoamua kama kitaungua chumba kimoja au mtaa mzima.

Haukupita muda mrefu London ikamhitaji. Wakati huo mji huo haukuwa na kikosi cha zimamoto cha serikali. Makampuni ya bima ndiyo yaliyokuwa yameungana tangu mwaka 1833 kuendesha kikosi chao, chini ya Bwana James Braidwood, mzaliwa wa Edinburgh na fundi hodari wa kazi hiyo. Tarehe 22 Juni, 1861, moto ulizuka katika maghala ya Tooley Street, kando ya mto Thames, yaliyojaa pamba, katani, sukari na mafuta ya wanyama. Braidwood alikuwa pale pale pamoja na askari wake ukuta ulipomwangukia na kumwua. Moto ule haukuzimika kabisa mpaka zilipotimia wiki mbili.

Katika msiba huo limo jambo ambalo Shaw alilishika. Maghala yale yalikuwa na milango ya chuma iliyowekwa makusudi kuuzuia moto usitoke chumba kimoja kwenda kingine, na Braidwood mwenyewe ndiye aliyekuwa mhubiri wa milango kama hiyo. Lakini yasimuliwa kwamba siku ile iliachwa wazi. Kinga ilikuwapo, fedha zilikwisha kulipwa, lakini hakuna aliyepita kuangalia kama imefungwa.

Shaw ndiye aliyeitwa kuchukua nafasi ya Braidwood. Makampuni ya bima, yakiwa yamepata hasara kubwa, yaliiambia serikali kwamba hayawezi tena kubeba mzigo wa kuulinda mji mzima. Bunge likapitisha sheria mwaka 1865, na kuanzia Januari 1866 kikazaliwa Kikosi cha Zimamoto cha London chini ya bodi ya umma. Wenye nyumba walitozwa nusu peni kwa kila pauni ya thamani ya nyumba zao, serikali kuu ikatoa pauni 10,000 kwa mwaka, na makampuni ya bima yakalipa pauni 35 kwa kila milioni moja waliyoikatia bima. Fedha hizo hazikutosha mji mkubwa kiasi kile, na Shaw alizilalamikia miaka yote ya utumishi wake.

Hata hivyo alijenga kikosi cha kijeshi hasa. Aliwapendelea mabaharia katika kuandikisha askari, kwa kuwa walikuwa wamezoea kupanda kamba, kukesha zamu za usiku na kutii amri bila kuuliza. Alizikubali pampu za mvuke zilizochukua nafasi ya zile zilizosukumwa kwa mikono. Aliunganisha vituo kwa nyaya za telegrafu, ili kituo kimoja kiweze kuomba msaada wa kingine mara moja. Alisafiri kwenda kutazama vikosi vya nchi nyingine, na kutoka Paris, ambako zimamoto ni kikosi cha jeshi hadi leo, aliiga kofia ya shaba iliyokuja kuwa alama ya zimamoto wa Uingereza kwa miaka mingi.

Lakini palibaki pengo moja. Vituo viliweza kuzungumza vyenyewe kwa vyenyewe, ila raia aliyeona moto hakuwa na njia ya kuzungumza na kituo isipokuwa kwa miguu yake. Mji wa Boston, Marekani, ulikwisha kuonyesha njia tangu mwaka 1852, ulipoweka visanduku vya umeme mitaani vya kupeleka habari za moto. Kuanzia mwaka 1880 Shaw alisimamisha nguzo kama hizo katika mitaa ya London. Mwenye kuona moto alivunja kioo, akavuta kishikio, na umeme ukapita katika waya hadi kuipiga kengele kituoni, askari wakajua waelekee mtaa gani. Kisanduku chekundu tunachokiona leo katika kuta za majumba yetu ni mjukuu wa nguzo hizo. Wapo wahuni waliozivuta kwa mzaha, na polisi wakawa na kazi mpya ya kuwakamata. Lakini Shaw hakukubali mzaha wa wachache uwe sababu ya kuwanyima wengi kengele.

Sasa tufike katika kazi ambayo kwa maoni yetu ndiyo kubwa kuliko zote alizozifanya. Mwaka 1872 Shaw alitoa kitabu kuhusu namna ya kulipima jumba kwa hatari ya moto. Mkaguzi alitakiwa asiridhike na uzuri wa jengo, bali atazame kuta, sakafu, ukubwa wa vyumba na mali iliyomo, kisha aandike hatari aliyoiona. Mwaka 1876 akatoa kingine juu ya moto katika majumba ya michezo ya kuigiza. Majumba hayo yalikuwa hatari kupita kiasi. Taa zilikuwa za gesi, jukwaa lilijaa mbao, kamba na vitambaa vilivyochorwa, na mbele yake walikaa mamia ya watu katika roshani za juu zenye ngazi nyembamba. Shaw alishauri jukwaa litengwe na watazamaji kwa ukuta imara na pazia lisiloungua, na kila sehemu ya ukumbi ipewe njia zaidi ya moja ya kutokea.

Tarehe 8 Desemba, 1881, jumba la michezo la Ringtheater katika mji wa Vienna liliteketea na kuua mamia ya watu. Serikali ya Uingereza ikashtuka, ikataka kujua hali ya majumba ya London. Shaw akapewa kazi ya kuyakagua, na katika mwaka 1882 yakatolewa maelezo ya jumba moja baada ya jingine: milango mingapi, yafunguka upande gani, ngazi zina upana gani, maji yako wapi. Haikuwa kazi ya kumpatia mtu marafiki, maana kila kasoro iliyoandikwa ilimgharimu mwenye jumba fedha. Lakini London ilikuwa na sheria ya mwaka 1878 iliyoipa bodi uwezo wa kudai marekebisho, kwa hiyo karatasi za Shaw zilikuwa na nguvu nyuma yake.

Nje ya London nguvu hiyo haikuwapo, na matokeo yake yalikuwa ya kusikitisha. Katika mji wa Exeter, magharibi mwa Uingereza, lilifunguliwa jumba jipya la michezo mwaka 1886, miaka 10 baada ya kitabu cha Shaw. Usiku wa tarehe 5 Septemba, 1887, kitambaa jukwaani kilishika moto wa taa ya gesi. Watu wa roshani ya juu walikuwa na njia moja tu ya kutokea. Wakasongamana katika ngazi, wakaanguka mmoja juu ya mwingine, moshi ukawakuta hapo. Walikufa watu 186, na hadi leo hakuna moto wa jumba la michezo uliowahi kuua watu wengi zaidi nchini humo. Shaw akatumwa kuchunguza. Tunaweza kukisia uchungu wa mkaguzi huyo, kusimama katika magofu ya jumba lililokuwa halijatimiza mwaka mmoja na kuandika upya mambo aliyoyaandika zamani.

Hatusemi kwamba Shaw hakuwa na dosari. Alipenda kutajwa na alipenda ukubwa. Rafiki yake mmoja alikuwa mrithi wa kiti cha ufalme, aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Saba, ambaye alifurahia kufuatana naye motoni. Mwaka 1886 jina lake liliingizwa katika kesi ya talaka iliyovuma nchi nzima, ingawa baraza la mahakama halikumwona na hatia. Alikuwa mkali kwa askari wake, na hakuvumilia wanasiasa kuingilia amri zake. London ilipopata baraza jipya la mji mwaka 1889, hawakuelewana, na mwaka 1891 akajiuzulu baada ya miaka 30. Malkia Victoria alimtunukia nishani ya heshima na cheo cha Sir. Alifariki dunia tarehe 25 Agosti, 1908, akazikwa London katika makaburi ya Highgate.

Jina lake lilirudi vitani miaka 32 baadaye. Mwaka 1935 zimamoto ya London iliunda mashua ya kuzimia moto mtoni na kuipa jina la Massey Shaw. Mwaka 1940, majeshi ya Uingereza na washirika wake yalipozingirwa ufukweni Dunkirk, nchini Ufaransa, mashua hiyo ndogo ilivuka bahari ikashiriki kuwaokoa wanajeshi kwa mamia. Imehifadhiwa hadi leo.

Askari wenzetu, yatosha kutazama karibu nasi kuona kwamba habari hizi si za Wazungu wa kale peke yao. Mwezi Machi 2001, katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, nchini Kenya, wanafunzi 67 waliteketea katika bweni ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yake yalikuwa na nondo. Mwezi Aprili 2008, hapa kwetu Uganda, wanafunzi wa kike wa Shule ya Msingi ya Budo waliungua bwenini usiku. Mlango uliofungwa na njia moja ya kutokea ndiyo mambo yale yale aliyoyaandika Shaw katika karne ya kumi na tisa.

Basi zamu ya mlinzi wa jumba la umma isiishie langoni. Anapopokea zamu, azunguke ndani. Atazame visanduku vya kengele viko wapi, kama kioo ni kizima na hakuna kabati lililosukumwa mbele yake. Atazame kama taa ya hitilafu inawaka katika ubao wa kengele. Ajaribu mlango wa dharura kwa mkono wake, wala asiamini maandishi yaliyo juu yake. Aulize kengele ilijaribiwa lini mara ya mwisho, na nani mwenye ufunguo. Kisha ayaandike yote katika daftari la zamu, pamoja na tarehe, saa na jina lake, na ripoti ya kasoro aipeleke kwa mkubwa mwenye uwezo wa kuamuru irekebishwe. Isiporekebishwa, mlinzi wa zamu ifuatayo aiandike tena, na wa baada yake vivyo hivyo. Mkubwa anayepokea ripoti hizo naye akumbuke Exeter, ambako ushauri ulikuwa umekwisha kuandikwa na kuchapwa, lakini hakuna aliyelazimishwa kuufuata.