Roosevelt: Rais mstaafu aliyeasi chama chake na kukwama katika siasa za vyama viwili

MNAMO Aprili 1909, meli ilitia nanga Mombasa ikiwa na abiria ambaye majuma saba hivi awali alikuwa rais wa Marekani.

Theodore Roosevelt, wakati huo akiwa na umri wa miaka 50, alipanda gari la moshi hadi nyanda za Kapiti na kupiga kambi. Baadaye alizuru Naivasha na miteremko ya Mlima Kenya akiwinda. Yeye na mwanawe, Kermit, waliwaua wanyama 512, na wengi wao wakahifadhiwa kwa ajili ya makavazi ya Smithsonian jijini Washington.

Hapa nchini, wanaomkumbuka humkumbuka kwa bunduki hiyo. Kwao Marekani, jina lake hutajwa pia kila wapigakura wanapochoshwa na vinara wa Republican na Democratic, wakauliza iwapo chama cha tatu hakiwezi kuwaokoa. Roosevelt alilijaribu jambo hilo mwaka 1912, na hakuna aliyefika mbali kumshinda tangu wakati huo.

Alizaliwa Oktoba 27, 1858, jijini New York, katika familia tajiri. Utotoni alisumbuliwa na ugonjwa wa pumu, akajilazimisha kufanya mazoezi makali ili aushinde udhaifu wa mwili. Alihitimu Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1880, na kufikia 1882 alikuwa mbunge katika bunge la jimbo la New York.

Februari 14, 1884, mamake na mkewe, Alice, walifariki siku moja katika nyumba moja. Mkewe alikuwa amejifungua binti siku mbili tu zilizotangulia. Kwa majonzi, Roosevelt alielekea Dakota kufuga ng'ombe.

Mwaka huo huo alikabiliwa na mtihani wake wa kwanza wa kisiasa. Chama cha Republican kilimteua James Blaine kuwania urais, ilhali Roosevelt alimpinga kwa sababu ya tuhuma za ufisadi zilizomwandama. Baadhi ya wenzake walikihama chama. Yeye alibaki, akiamini kuwa mwanasiasa asiye na chama hawezi kutimiza lolote.

Imani hiyo ilimfaa. Aliongoza bodi ya polisi ya New York, akawa naibu waziri wa jeshi la majini, akapigana nchini Cuba mwaka 1898, na kurejea akiwa shujaa aliyechaguliwa gavana wa New York.

Ugavana wake uliwakera vigogo wa chama. Seneta Thomas Platt, aliyekuwa na usemi mkubwa katika Republican jimboni humo, alitaka kumwondoa kwa kumsukumia wadhifa wa makamu wa rais, ambao wengi waliuona kama kaburi la kisiasa. Hesabu hiyo iliwaendea mrama. Rais William McKinley alipigwa risasi Septemba 1901 na kufariki siku chache baadaye. Roosevelt akawa rais akiwa na umri wa miaka 42, mdogo kuliko wote waliomtangulia na waliomfuata.

Akiwa Ikulu, alizishtaki kampuni kubwa zilizohodhi biashara, akasuluhisha mgomo wa wachimbaji makaa ya mawe mwaka 1902, na kutia saini sheria za usalama wa vyakula na dawa mwaka 1906. Mwaka huo alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel kwa kupatanisha Urusi na Japani.

Usiku aliposhinda uchaguzi wa 1904, alitangaza kwamba hangewania tena. Alitimiza ahadi hiyo mwaka 1908, akamwachia nafasi rafiki yake, William Howard Taft, kisha akafunga safari ya Afrika.

Akiwa angali barani humu, urafiki huo ulianza kuvunjika. Januari 1910, Taft alimfuta kazi mkuu wa idara ya misitu, Gifford Pinchot, aliyekuwa mwandani wa Roosevelt. Wanamageuzi chamani walilalamika kuwa Taft alikuwa ametekwa na wahafidhina. Wito wa kumtaka Roosevelt arejee ulipozidi, aliipuuza ahadi yake ya 1904 na kujitosa ulingoni mwaka 1912.

Wakati huo kura ya mchujo ilikuwa jambo geni. Ni majimbo machache tu yaliyowaruhusu wanachama wa kawaida kumchagua mgombea wao wa urais. Kwingineko viongozi wa chama ndio waliowateua wajumbe. Roosevelt alishinda michujo katika majimbo tisa, likiwemo Ohio, nyumbani kwa Taft.

Hata hivyo, kongamano la chama lilipokutana Chicago mwezi Juni, wajumbe 254 walikuwa wakizozaniwa. Kamati kuu, iliyodhibitiwa na wafuasi wa Taft, ilimpa Taft 235 na kumwachia Roosevelt 19. Taft akatwaa tiketi. Kwa wafuasi wa Roosevelt, huo ulikuwa wizi wa mchana.

Yule aliyekataa kuhama mwaka 1884 sasa alihama. Mwezi Agosti, papo hapo Chicago, chama kipya cha Progressive kilimteua. Kiliahidi haki ya wanawake kupiga kura, saa nane za kazi kwa siku, bima ya jamii, na uchaguzi wa maseneta na wananchi wenyewe. Lakini kiliwafungia nje wajumbe weusi kutoka majimbo ya kusini, kwa matumaini ya kuwavutia wazungu wa huko. Walioahidiwa utawala wa wananchi hawakuwa wananchi wote.

Oktoba 14, mtu mmoja alimpiga risasi kifuani mjini Milwaukee. Kijaluba cha miwani na hotuba nene iliyokunjwa mfukoni viliipunguza risasi kasi, naye akahutubia kwa zaidi ya saa nzima kabla ya kwenda hospitalini.

Vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Woodrow Wilson wa Democratic alishinda kwa takriban asilimia 42 ya kura. Roosevelt alipata asilimia 27 na Taft 23, kumaanisha kuwa wawili hao kwa pamoja walimzidi mshindi. Karibu kila jimbo la Marekani humpa anayeongoza, hata kwa kura chache, kura zake zote za kumchagua rais. Kwa hivyo Wilson alivuna kura 435 kati ya 531, Roosevelt 88, na Taft nane pekee.

Chama cha Progressive hakikudumu. Kilibwagwa vibaya katika uchaguzi wa 1914, na kilipomteua tena Roosevelt mwaka 1916, alikataa na kumuunga mkono Charles Evans Hughes wa Republican, aliyeshindwa na Wilson. Wengi waliohatarisha nyadhifa zao kumfuata walihisi wametelekezwa.

Mwanawe mdogo, Quentin, aliuawa vitani Ufaransa Julai 1918. Roosevelt alifariki usingizini Januari 6, 1919, akiwa na umri wa miaka 60.

Ahadi nyingi za chama chake ziliishi kuliko chama chenyewe. Maseneta walianza kuchaguliwa na wananchi kufuatia marekebisho ya katiba ya 1913, wanawake wakapata kura nchini kote mwaka 1920, na bima ya jamii ikaja mwaka 1935. Vyama viwili vikubwa vilimeza mawazo yake na kuendelea kutawala. Mwaka 1992, mfanyabiashara Ross Perot alipata karibu asilimia 19 ya kura, lakini hakushinda jimbo hata moja.

Mpigakura aliyekasirikia viongozi wa chama chake mwaka 1912 alikuwa na uwezo wa kuwaangusha, na aliwaangusha. Hakuwa na uwezo wa kuwaweka wengine mahali pao. Kanuni za kuhesabu kura hazikubadilika, na miaka minne baadaye hata aliyemwongoza kutoka chamani alikuwa amerudi.