Sarah Baartman, mwanamuke aliyeangaliwa kama kitu

Sarah Baartman alizaliwa karibu mwaka 1789 katika Afrika ya Kusini, kwa watu wanaoitwa Wakhoikhoi. Angali kijana, alipelekwa Cape Town kufanya kazi za nyumbani.

Mwaka 1810, bosi wake Hendrik Cesars na munganga mumoja wa jeshi, Alexander Dunlop, walimupeleka London kwa meli. Kule watu walikuwa wanalipa shilingi mbili ili waangalie makalio yake. Walimuvalisha nguo ya kubana yenye rangi ya ngozi, ili aonekane kama yuko uchi. Afishi zikabandikwa, picha zake zikauzwa, wachoraji wa katuni nao wakamufanya kichekesho.

Mwaka ule ule, watu waliopinga utumwa walipeleka jambo hilo tribinali. Sarah aliulizwa, akajibu kwamba amekubali, na kwamba atapewa sehemu ya faida. Kesi ikafungwa, biashara ikaendelea. Lakini mwanamuke aliye peke yake katika inchi ya wengine, anayelishwa na wale wale wanaomuonyesha, angejibu nini tena?

Mwaka 1814 alipelekwa Paris, akaangukia mikononi mwa mutu aliyekuwa anafundisha wanyama michezo. Mwezi wa tatu 1815, wataalamu na wachoraji walimuchunguza siku tatu. Walimuomba avue nguo zote. Hapo Sarah alikataa kuonyesha sehemu zake za siri, akazifunika na kitambaa.

Alikufa mwezi wa kumi na mbili mwaka ule, hajafikisha hata miaka 30. Ndipo Georges Cuvier, mutaalamu mukubwa wa wanyama, alipasua maiti yake na kuangalia kile alichokatazwa. Ubongo na sehemu za siri aliziweka katika chupa, na mwili akautengenezea sanamu. Mwaka 1824 picha ya Sarah ilitiwa katika kitabu cha wanyama. Mifupa na sanamu yake vilionyeshwa katika makumbusho ya Paris mupaka miaka ya 1970.

Nelson Mandela aliomba arudishwe kwao. Ilibidi Bunge la Ufaransa lipige sheria, na tarehe 9 mwezi wa nane 2002, siku ya wanawake kule Afrika ya Kusini, alizikwa Hankey, karibu na muto Gamtoos.

Hapa kwetu, picha ya binti akiwa uchi inaweza kuzunguka katika simu za muji muzima kwa siku moja. Ukiuliza wanaoituma, watakuambia: alikubali mwenyewe kupigwa picha. Njo jibu lile lile la tribinali ya London. Sarah alipokubali, walimusikia haraka. Alipokataa, walingoja afe. Basi ndugu musomaji, picha kama hiyo ikifika katika simu yako, jiulize kama yule binti alikubali wewe umuone. Kama haujui, ifute, usiipitishe kwa mwengine.